Stereoskopu za kale za kukunja: ipi inafaa picha ulizo nazo?

Wanaotaka kununua stereoskopu ya kale ya kukunja huanza na chombo chenyewe: mbao zake, shaba yake, namna bawaba zinavyofunguka. Mimi nashauri uanze na picha. Chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya bamba la fedha la mwaka 1853 hakitakuonyesha kadi ya karatasi ya mwaka 1900 yenye picha mbili ubavu kwa ubavu, na chombo cha kadi hakina msaada wowote mbele ya albamu ya picha mojamoja za studio. Ukishajua una picha za aina gani, nusu ya uamuzi umekwisha. Nusu iliyobaki ni kukagua lenzi na bawaba, na hilo nalo linafundishika.

Kwa asiyewahi kuishika: stereoskopu huonyesha picha mbili za kitu kimoja, zilizopigwa kutoka sehemu mbili zilizoachana kidogo, kama vile macho yetu mawili yalivyoachana. Jicho la kulia hupata picha yake, la kushoto yake, na akili ikiziunganisha unaona kina: mtu anasimama mbele ya ukuta, hajabandikwa ukutani. Mwanasayansi Mwingereza Charles Wheatstone alikieleza chombo cha namna hii mbele ya Royal Society, chama cha wanasayansi, mjini London mwaka 1838, mwaka mmoja kabla upigaji picha haujatangazwa, kwa hiyo picha zake za kwanza zilikuwa michoro. Chake kilitumia vioo. Mwaka 1849 Mskochi David Brewster alikuja na kisanduku chenye lenzi mbili, Jules Duboscq akakitengeneza Paris, na kilipoonyeshwa kwenye Maonyesho Makuu ya London mwaka 1851, Malkia Victoria alikipenda. Kuanzia hapo biashara ililipuka. London Stereoscopic Company ilianzishwa mwaka 1854, na tangazo lake lilidai kuwa nyumba yoyote isikose stereoskopu.

Kisanduku cha Brewster ni kizuri, ila kinachukua nafasi. Huwezi kukitia mfukoni, na ukikiweka rafuni kinabaki vilevile. Ndipo mafundi wakaanza kushindana kutengeneza za kukunja.

Hasa kinakunjwa nini?

Wauzaji huandika "ya kukunja" juu ya vitu visivyofanana hata kidogo, kwa hiyo hili lifahamike kabla hujatoa pesa. Kuna kibweta cha ngozi ambamo chombo na picha ni kitu kimoja: upande mmoja jozi ya picha, upande mwingine ubao mwembamba wenye lenzi mbili unaoinuka kwa bawaba. Kuna grafoskopu, yenye lenzi moja kubwa ya kutazamia picha mojamoja, ambayo ukiifunga inabaki kasha bapa la mbao na ukiifungua inasimama mezani. Kuna ile ya mkononi ya Oliver Wendell Holmes, ambayo mara nyingi kinachokunjwa ni mpini tu, kiunzi kikabaki na urefu wake. Halafu kuna za bati na za waya za karne ya 20. Muulize muuzaji akupigie picha chombo kikiwa kimefungwa na kikiwa wazi. Picha hizo mbili zitakwambia zaidi ya maelezo yake yote.

Kibweta cha dagereotipi

Dagereotipi, aliyoitangaza Louis Daguerre mwaka 1839, ni bamba la shaba lililopakwa fedha na kusuguliwa hadi likang'aa. Bamba lilifukizwa mvuke wa iodini, likapigwa mwanga ndani ya kamera, kisha picha ikatokezwa kwa mvuke wa zebaki. Haina negativu ya kutolea nakala. Kila bamba ni la pekee, na aliyetaka picha pacha, yaani jozi ya stereoskopu, alilazimika kutengeneza mabamba mawili, au bamba moja lenye picha mbili.

Ukiishika mkononi, kitu cha kwanza unachokiona ni uso wako mwenyewe. Inabidi uigeuze taratibu, upate mwanga wa ubavuni, na mbele yake pawe na kitu cheusi, ndipo yule mtu wa miaka ya 1850 ajitokeze, mara akiwa angavu, mara akiwa kama kivuli. Hakuna kadi ya karatasi iliyo na wembamba wa mistari kama huo: nyuzi za leso, kifungo, mkunjo wa kope. Ukiongeza kina cha stereoskopu, unahisi kabisa kwamba mtu yuko ndani ya kile kibweta.

John Mascher wa Philadelphia alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, ya kibweta chake tarehe 8 Machi 1853. Kikifungwa, ni kibweta cha kawaida cha picha. Kikifunguliwa, ubao wa lenzi unasimama, na picha zile mbili zinakuwa moja. Mwaka huohuo William Kilburn wa London naye akapata hataza ya kibweta chake. Huyu ndiye aliyepiga dagereotipi maarufu za mkutano wa Wachartisti, wafanyakazi wa Uingereza waliodai haki ya kura, pale Kennington Common mwaka 1848. Antoine Claudet, Mfaransa aliyekuwa na studio London, alifuata na chake mwaka 1855.

Kama unapenda picha zenyewe kuliko vyombo, hiki ndicho kitu kizuri kuliko vyote nitakavyovitaja. Lakini hakichaguliwi kama chombo cha kutazamia. Kinaonyesha jozi moja, ile iliyomo, basi. Huwezi kubadilisha picha kama unavyobadilisha kadi, na kibweta kitupu, hata kikiwa cha Mascher mwenyewe, kinabaki ganda. Bei yake pia iko juu sana kuliko vyombo vingine vya humu, kwa sababu unanunua picha ya pekee duniani pamoja na nyumba yake.

Mambo mawili uyaangalie kwa macho makali. La kwanza ni kama picha mbili zile ni pacha kweli. Wapo waliojaza vibweta vitupu kwa picha mbili za mtu mmoja zisizokuwa za stereoskopu. Chagua kitu kilicho karibu, tuseme mkono ulio juu ya meza, na kitu kilicho nyuma, tuseme ukingo wa pazia. Pima umbali kati ya vitu hivyo viwili kwenye picha ya kushoto, kisha ya kulia. Kwenye pacha za kweli umbali huo hutofautiana kidogo. Ukiwa sawasawa kabisa, hapo hakuna kina cha kuonekana. La pili ni utepe wa karatasi unaoziba kingo za bamba na kioo chake. Utepe wa asili ukiwa mzima, usiuguse. Hewa ikiingia, fedha inaanza kupata rangi ya bluu na kahawia kutoka pembeni kwenda katikati. Uso wa bamba usifutwe kwa chochote kile, hata kwa kitambaa laini cha miwani. Picha imekaa juu ya fedha kama unga mwembamba, na kidole kimoja kinatosha kuiondoa milele.

Ya Holmes na grafoskopu: hapa ndipo wengi wanapochagua

Mwenye kadi, na mwenye mchanganyiko wa kadi na picha za albamu, atakuwa anachagua kati ya vyombo hivi viwili. Nitakaa hapa zaidi.

Oliver Wendell Holmes alikuwa daktari na mwandishi wa Boston. Mwaka 1859 aliandika makala ndefu ya kuisifu stereoskopu katika jarida la Atlantic Monthly, na karibu mwaka 1861 akabuni ya kwake: kifuniko cha kuzuia mwanga usoni, lenzi mbili, ufito wa mbao, kishikio cha kadi kinachosogezwa mbele na nyuma, na mpini chini. Joseph Bates wa Boston aliitengeneza na kuiboresha. Holmes hakuchukua hataza, kwa hiyo kila fundi aliyetaka aliiga, bei ikashuka, na chombo kikaingia katika nyumba za watu wa kawaida Marekani nzima. Ndiyo maana leo ni rahisi kukipata. Kampuni kama Underwood & Underwood na Keystone View Company ziliuza kadi kwa mamilioni, nyingi zikiwa ndani ya makasha yaliyotengenezwa yafanane na vitabu. Kifuniko cha mbao chenye ukingo wa mahameli kikabadilika kuwa cha alumini yenye nakshi, na mpini ukawekwa bawaba ili ulale chini ya ufito.

Ya Holmes ina sifa moja inayonifanya niitetee mbele ya chombo chochote cha kifahari: ni nyepesi, na kadi iko wazi. Mwanga wa dirishani unaifikia moja kwa moja. Kisanduku cha Brewster huipa kadi mwanga kupitia mlango mdogo wa juu, na kadi iliyofifia humo huwa giza. Kwenye ya Holmes unageukia dirisha, na kila kitu kinaonekana. Unasogeza kishikio taratibu hadi picha itulie, na mwenye macho ya mbali au ya karibu anapata nafasi yake bila miwani. Katikati kuna ubao mdogo unaotenganisha macho mawili, hivyo kila jicho linabaki na picha yake.

Udhaifu wake ni huo ukunjaji. Mpini ukilazwa, bado una ufito na kifuniko kinachojitokeza. Kuitia kwenye begi bila kasha ni kuutafutia mahameli uchakavu na alumini mibonyeo. Anayetafuta chombo cha kukunja kwa sababu ya nafasi hatafurahia.

Grafoskopu ilianza na hataza ya Charles Rowsell ya Uingereza, mwaka 1864, na kusudi lake lilikuwa picha mojamoja. Wakati ule watu walikuwa wamejaza albamu kwa picha ndogo za kadi, zile zenye ukubwa wa karibu sentimita 6 kwa 10 ambazo Disdéri wa Paris alizipatia hataza mwaka 1854, na baadaye zile kubwa zilizoitwa picha za kabati, karibu sentimita 11 kwa 17. Grafoskopu iliwawekea lenzi moja kubwa ya mviringo. Mafundi wakaongeza lenzi mbili ndogo za stereoskopu chini au juu ya ile kubwa, na chombo kimoja kikawa kinafanya kazi zote mbili. Zilitengenezwa kwa wingi Uingereza na Ufaransa, kwa mbao za mjozi, mkangazi, au mbao zilizopakwa rangi nyeusi zifanane na mpingo.

Ifungue polepole. Kifuniko kinainuka, ubao wa lenzi unasimama na kushikiliwa na vijiti vya nyuma vinavyoingia kwenye meno. Upande wa pili kinainuka kishikio cha picha, nacho kinateleza kwenye mfereji wa mbao kukaribia au kuachana na lenzi. Baadhi zina kioo cha ukungu nyuma ya kishikio, kwa ajili ya picha za kioo. Ukimaliza, kila kipande kinarudi mahali pake, na mezani linabaki kasha ambalo unaweza kuliweka kitabu juu yake. Kwa ukunjaji, hakuna kinachoipiku.

Ile lenzi kubwa ina jambo ambalo wengi hawalitarajii. Ukitazama picha moja ya kawaida kwa macho yote mawili kupitia lenzi pana, picha hupata hisia fulani ya kina, kwa sababu macho hayapati tena zile dalili zinazoyaambia kwamba mbele kuna karatasi bapa. Si kina cha kweli cha picha pacha, lakini picha ya familia ya ukubwa wa kabati inabadilika sana. Kwa msomaji wa pwani hili lina uzito wake. Picha za studio za Zanzibar za mwishoni mwa karne ya 19, za akina Gomes na za ndugu Coutinho, ni picha mojamoja. Mwenye albamu ya namna hiyo ya ukoo hawezi kuzitazama kwa stereoskopu ya Holmes, ila grafoskopu itamwonyesha kila uzi wa kanzu na kila ua la leso.

Picha pacha za huku kwetu zipo pia. James Augustus Grant, aliyesafiri na mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke kwenda kutafuta chanzo cha Nile, alipiga picha pacha Zanzibar mwaka 1860, soko la watumwa likiwemo. Karibu nusu karne baadaye kampuni za kadi za Marekani zilitoa kadi za safari ya uwindaji ya Theodore Roosevelt katika Afrika Mashariki ya Uingereza. Kadi kama hizo za karatasi ngumu ni kazi ya Holmes, na hapo ya Holmes inaishinda grafoskopu waziwazi.

Inaishinda kwa nini? Lenzi ndogo za grafoskopu mara nyingi ziliongezwa ili chombo kiuzike, si kwa sababu fundi alizijali. Ubao wa katikati wa kutenganisha macho kwa kawaida haupo, kwa hiyo jicho la kulia linaona kidogo picha ya kushoto, na utaona picha tatu zimejipanga, ile ya kati peke yake ikiwa na kina. Mwanga wa chumba unaingia kutoka pembeni kwa kuwa hakuna kifuniko cha uso. Kipande cha kadi nyeusi kilichosimamishwa katikati kinapunguza tatizo la kwanza. Kwa la pili, kaa dirisha likiwa nyuma ya bega lako.

Kwa upande mwingine, avaaye miwani atapumzika zaidi kwenye grafoskopu. Kifuniko cha Holmes kinagongana na fremu, grafoskopu haigusi uso. Na wazee wawili wanaweza kukaa mezani wakapokezana bila kushika kitu kizito, jambo ambalo nimeona linafanya watu wazungumze zaidi juu ya picha.

Tahadhari moja ya grafoskopu naisema kwa msisitizo. Lenzi yake kubwa hukusanya jua. Ikiachwa wazi dirishani, mwanga wa asubuhi unaweza kuunguza picha, kitambaa cha meza, au kuwasha moto. Ukimaliza kutazama, ikunje.

Vipi kuhusu picha za kioo na zile za karatasi nyepesi?

Ferrier na wenzake wa Paris walitengeneza picha pacha juu ya kioo, angavu ajabu, na Wafaransa walitengeneza pia kadi za karatasi nyembamba zilizopakwa rangi kwa nyuma na kutobolewa vitundu. Mwanga ukitoka mbele, picha ni ya kijivu. Ukitoka nyuma, rangi zinajitokeza na vitundu vinakuwa taa za ukumbi. Hizi zinahitaji mwanga kutoka nyuma, na chombo chake halisi ni kisanduku cha Brewster chenye kioo cha ukungu, ambacho hakikunjwi. Kati ya za kukunja, grafoskopu yenye kioo cha ukungu inafaa. Ya Holmes inafaa kwa shida: inabidi uielekeze kwenye dirisha au taa, na kishikio cha waya huenda kisizuie vizuri kioo kizito. Kioo cha miaka ya 1850 kikianguka hakina mwenzake.

Za bati na za waya

Hizi nitazipitia haraka, kwa sababu nyingi si za picha za mwanzo, ingawa wauzaji huzichanganya humo humo.

Camerascope ni kisanduku cha bati kinachofunguka kikasimama na lenzi zake, kilichotumiwa na kadi ndogo za sigara za Cavanders katika miaka ya 1920 na 1930. Ni ya kupendeza, ya bei ndogo, na haipokei kadi ya Holmes kwa sababu ni ndogo mno. Kutoka Ujerumani kuna vile vya chuma vya Raumbild-Verlag ya Otto Schönstein, vilivyofichwa ndani ya jalada nene la albamu pamoja na picha za sentimita 6 kwa 13, kama za Olimpiki ya Berlin ya 1936. Vimetengenezwa kwa ustadi, lakini picha nyingi zilizokuja navyo ni propaganda ya Wanazi, na mnunuzi ajue anaingiza nini nyumbani.

Vile vya waya, vyenye lenzi mbili na miguu inayokunjwa, ni vya kusomea picha za ndege. Wanajiografia, wapima ardhi na watu wa misitu wanavijua sana. Ramani nyingi za Tanganyika, Kenya na Uganda zilizochorwa baada ya 1946 zilitokana na picha pacha za angani, na vyombo vya aina hii vilitumika kuzisoma. Ni vya bei nafuu na vinaingia mfukoni. Wengi huvinunua wakidhani vitaonyesha kadi za kale, kisha kichwa kinawauma. Sababu yake iko kwenye lenzi, na ndiyo inayonipeleka kwenye ukaguzi.

Namna ya kukagua lenzi

Macho ya mtu mzima yameachana kwa takriban sentimita 6 na nusu. Picha mbili kwenye kadi ya kawaida ya kale, yenye ukubwa wa karibu sentimita 9 kwa 18, vitovu vyake vimeachana kwa takriban sentimita 7 na nusu hadi 8. Ukizitazama kwa lenzi za kawaida, macho yanalazimika kufunguka kwenda nje, kitu ambacho hayakuumbiwa. Brewster alilitatua hili kwa kukata lenzi moja kubwa nusu kwa nusu na kuzipanga zile kingo nyembamba zikitazamana, kingo nene zikiwa nje. Lenzi za namna hii hupinda mwanga zikazileta picha mbili karibu, macho yakabaki yametulia. Ya Holmes inazo. Kile kiwaya cha picha za ndege hakina, ndiyo maana kinataka picha zilizosogezwa pamoja.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, tazama lenzi kwa ubavu. Kingo nene ziko upande wa masikio? Sawa. Ziko upande wa pua? Kuna mtu alizitoa kuzisafisha akazirudisha kinyume, na chombo hakitaunganisha picha hata ukisogeza kishikio mpaka jioni. Si kasoro ya kukataa chombo. Ni ya kuombea punguzo, maana kwenye ya Holmes kurekebisha ni kulegeza vishikizi na kubadilishana lenzi za pande mbili. Angalia pia kama lenzi mbili zina rangi na ukuzaji unaofanana. Shika karatasi yenye mistari nyuma yake: mistari ikionekana mikubwa upande mmoja kuliko mwingine, moja si ya asili.

Mkwaruzo mwembamba kwenye lenzi hausumbui sana. Ukungu wa ndani unaotambaa kama mizizi unasumbua. Kwenye mbao tafuta vitundu vidogo vya duara vyenye unga: ni dumuzi, na wakiingia nyumbani mwako hawatabaki kwenye stereoskopu. Bawaba za grafoskopu zifunguliwe na kufungwa mara kadhaa, na vijiti vya nyuma vijaribiwe kwa kuugusa ubao wa lenzi kidogo. Ukianguka wenyewe, meno yamelika. Na jaribu macho yako mwenyewe kabla ya yote. Wapo watu, hasa waliokuwa na makengeza utotoni, ambao hawaoni kina katika stereoskopu yoyote. Kwao grafoskopu bado ina thamani kwa ile lenzi kubwa.

Anayeishi Mombasa, Unguja, Tanga au Muscat ana adui mwingine, unyevu. Ngozi ya kibweta huota ukungu, gundi ya grafoskopu huachia, mahameli ya Holmes hunuka. Weka chombo kwenye kasha linalofunga vizuri pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na uvibadilishe vikishalowa. Usipake mafuta ya kupikia kwenye mbao wala ngozi.

Ningemshauri nani achukue ipi?

Mwenye sanduku la kadi za karatasi, au anayetaka kuanza kuzikusanya, achukue ya Holmes yenye mpini wa kukunja. Hakuna haja ya kufikiria zaidi. Hata asiye na kadi anaweza kuanza nayo: maktaba za Marekani za Library of Congress na New York Public Library zimeweka maelfu ya kadi pacha kwenye intaneti. Chapisha kwa upana wa sentimita 18 kwenye karatasi ngumu, bila kuitenganisha jozi, na chombo cha miaka ya 1890 kitaionyesha kama kilivyoionyesha siku ilipouzwa.

Mwenye albamu ya ukoo iliyochanganyika, picha za studio nyingi na kadi pacha chache, achukue grafoskopu, tena ile yenye lenzi za stereoskopu, kwa kuwa zipo zenye lenzi kubwa pekee. Kwa familia nyingi za kwetu hii ndiyo nitakayoitaja kwanza.

Anayetaka kuona tu kina cha picha za kale bila kuingia gharama, achukue ya kisasa. Brian May, mpiga gitaa wa Queen, bendi ile ya Freddie Mercury aliyezaliwa Zanzibar, ni mkusanyaji mkubwa wa picha pacha. Aliifufua London Stereoscopic Company na kubuni kitazamio cha plastiki kinachosafirishwa kikiwa bapa. Lenzi zake ni safi, na hakuna dumuzi.

Kibweta cha Mascher au Kilburn anunue yule ambaye tayari anajua kusoma dagereotipi, ameshika kadhaa mkononi, na ana mahali pakavu pa kukiweka. Kwa huyo ningeongeza jambo moja tu: anunue kwa muuzaji anayekubali kurudishiwa, na kabla ya kulipa aombe picha ya kila bamba ikiwa imepigwa kwa pembe mbili tofauti za mwanga, kwa sababu bamba lililowahi kufutwa linaweza kupendeza kwenye pembe moja na kuonyesha mikwaruzo yake yote kwenye nyingine.